Chungu Chenye Magurudumu

Harufu ndiyo iliyonirudisha kule. Mjukuu wangu Baraka alikuja kutoka Dodoma amekumbatia boksi kama mtu aliyebeba mayai ya kuatamisha, akaliweka mezani, akakata gundi kwa kisu cha mama yake cha vitunguu. Boksi lilipofunguka ikatoka harufu ya mafuta ya mashine, mafuta mepesi, na rangi ambayo bado haijachoka. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu cha kamba, karibu na mlango wa jiko, nachambua mlenda. Mikono ikasimama yenyewe. Ile ilikuwa harufu ya koti la baba.

"Mume wangu," nikamwambia, maana mume niliyebakiwa naye ni huyu tu, "umeniletea nini? Sukari au khanga?"

"Bibi, hiki kichwa cha treni."

Kweli, akatoa kichwa cha treni. Kidogo, kinaenea kiganjani, lakini kila kitu kipo: ngazi nyembamba kama sindano, vioo, taa, hata kitasa cha mlango. Baraka ana wenzake wanaopenda vitu hivi, wanaume wazima wenye wake na kazi, wengine na vipara, wanaagiza kutoka mbali na kutandika reli ndogo mezani. Wanasubiri kichwa kipya kama sisi tulivyokuwa tukisubiri mvua. Nikadhani atafurahi. Badala yake akakigeuza tumbo juu, akakimulika kwa tochi ya simu, akaguna. Kisha akaanza kumrekodia mwenzake sauti.

"Wametuharibia, kaka. Mstari wa njano umepanda. Ngazi ya kushoto imepinda. Tumesubiri siku zote hizi halafu wanatuletea hivi? Na hili gurudumu la nyuma silielewi kabisa."

Binti yangu, mama yake, alikuwa jikoni, namwona usoni kupitia mlango, anabandika maji ya ugali. Akamjibu kutoka humo humo, "Mwanangu, hata mchumba wako hukumkagua hivyo."

Nikacheka, lakini kicheko changu siku hizi ni kifupi, kinafika shingoni kinarudi. Nimechoka, wenzangu. Sio ugonjwa. Ni ule uchovu ambao ukilala nao unaamka nao, kama kitambaa kimeshikana na kidonda. Watu wa nyumba hii wananiita wanasema siitiki, wanasema bibi kanuna. Sijanuna. Nani ana nguvu za kununa? Lakini tuache hayo. Nilikuwa nasema harufu, na nilikuwa nasema kukagua. Maana nilipomwona Baraka amekunja uso juu ya kile kichwa, nikamwona Chiwanga.

Chiwanga alikuwa mtoto wa kota za reli pale Manyoni, kama mimi. Baba yake alikuwa anavuta njia za kubadilishia treni, na kwa hiyo Chiwanga alijiona ndiye mwenye reli yote. Nyuma ya kota watoto wa kiume walikuwa na reli yao, mabua ya mtama yamelazwa sambamba na kubanwa kwa miiba, inazunguka mchongoma, inavuka mtaro kwa daraja la ubao, inarudi. Juu yake walipitisha vichwa vyao vya makopo, wakivuta kwa kamba ya katani. Na haikuwa kila kichwa kinapita! Ukileta kichwa kipya, unakiweka chini, unarudi nyuma, unakaa kimya. Chiwanga anakizunguka, mikono mgongoni.

Magurudumu sharti yawe ya soli ya kandambili, yamekatwa duara la kweli, sio duara la kiazi. Kisiyumbe darajani. Moshi utoke juu, usitoke ubavuni, na moshi uwe wa gunzi, maana wa matambara unanuka uongo. Kengele iwepo. Rangi bora isiwepo kuliko kupaka isiyo yake. Kijana mmoja aliwahi kuleta kichwa alichokitengeneza msimu mzima, kizuri, kimefungwa waya wa shaba, na Chiwanga akakitazama akasema, "Mbona kinachechemea kama mbuzi wa mahari?" Basi, kikaishia hapo. Yule kijana alikibeba kwapani akaenda zake, na mpaka leo nikikumbuka mgongo wake unavyoondoka namwonea huruma. Hatukuwa na viatu, lakini kwa vichwa vya treni hatukukubali ubovu.

Mimi, Tatu, nilikuwa mtoto wa kike na sikuwa na kopo. Nilichokuwa nacho ni udongo. Mama yangu alitoka upande wa Mgori, Mnyaturu, na ufinyanzi aliupata kwa mama yake. Baba alikuwa Mgogo wa hapo hapo Manyoni. Nyumbani mama aligomba kwa Kinyaturu, baba alinyamaza kwa Kigogo, na sisi watoto tukajibu kwa Kiswahili. Shule nilisoma kidogo tu, kisha ikabidi nibebe udongo kutoka mbugani, kwa hiyo mkiona maneno yangu yanakwenda huku na huku, mjue yalifundishwa njiani.

Mama aliuza vyungu stesheni, treni ya abiria inaposimama. Abiria walimfahamu. Na mnunuzi anayejua vyungu hanunui kwa macho. Anakiinua, anakipiga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza. Chungu kizima kinalia, sauti inakwenda mbali kidogo kabla haijafa. Chungu chenye ufa kinakoroma, hata kama ufa wenyewe huuoni. Mimi nilijua tofauti hiyo kabla sijajua kuhesabu, na nafikiri hata kabla sijaota meno ya mbele ya pili.

Na baba, kazi yake ilikuwa hiyo hiyo. Baba alikuwa mgonga magurudumu. Treni ikisimama, wakati kichwa kinakunywa maji na akina mama wanakimbilia madirishani na kuku na asali, baba anashuka chini na nyundo yake ya mpini mrefu, anatembea ubavu mzima wa treni akigonga kila gurudumu, ngiii, ngiii, ngiii, anafika mwisho, anavuka, anarudi kwa ubavu wa pili. Gurudumu zima linalia. Lenye ufa linakoroma. Behewa lenye gurudumu linalokoroma linakatwa, linaachwa pale, hata kama ndani amekaa mkuu wa wilaya. Kisha baba anainua mkono. Treni inapiga honi inaondoka.

Mimi kwa akili yangu ya kitoto nilielewa hivi: baba anapiga hodi, na magurudumu yanaitikia. Kama yasipoitikia, treni haina ruhusa ya kwenda. Na kama baba asipogonga, haiwezi hata ikitaka. Niliamini kabisa kwamba treni za nchi nzima zilikuwa zinakwenda kwa sababu ya mkono wa baba yangu. Wenzangu wa kota walikuwa na baba wavuta njia, wachukua tiketi, wapakia mizigo. Niliwaonea huruma.

Basi, nikaamua kufinyanga kichwa cha treni. Nilimwona mama anavyochanganya udongo na vigae vya zamani vilivyotwangwa, ili usipasuke motoni, nikafanya vile vile. Nikatengeneza tumbo refu, la mviringo, wazi ndani. Nikatengeneza kibanda cha dereva. Magurudumu nikayakata kwa mdomo wa kibuyu. Nikaanika chini ya kitanda, kivulini. Lakini bomba la moshi nililisahau. Nililikumbuka tumbo likiwa limeshakauka, nikalibandika na udongo mbichi, nikalainisha kwa mate. Kila mfinyanzi anayenisoma hapa ameshashika kichwa. Mbichi haishiki kwenye kikavu. Inakudanganya, inashika siku ya kwanza, halafu kila kimoja kinanywea kwa wakati wake.

Mama alikichoma pamoja na vyungu vyake, chini ya magome na mavi ya ng'ombe. Aliniruhusu kwa sharti moja, nisiongee mpaka moto uishe, maana kwao mtu haongei vyungu vikiwa motoni. Nilibana mdomo mpaka mashavu yakauma. Kilipotoka kilikuwa chekundu, na ubavuni kimelambwa na moto mweusi, na wenzangu, sijawahi kuzaa mtoto mzuri vile. Nikakigonga kwa kidole.

Kikakoroma.

Nikagonga tena, taratibu, kama mtu anayeomba. Kikakoroma. Ufa sikuuona, lakini ulikuwepo, kwenye shingo ya bomba.

Nikakipeleka hivyo hivyo. Chiwanga alikizunguka. Wale wengine wakaanza.

"Chungu chenye magurudumu!"

"Tatu, kapikie mlenda hicho!"

"Dereva wake nani, mwiko?"

Chiwanga hakucheka. Niseme haki yake, alikuwa mkaguzi kweli. Aliinama akatazama magurudumu kwa jicho moja. Akasema, "Duara. Hakiyumbi." Akakigonga kwa kidole, akatega sikio, lakini yeye alikuwa mtoto wa njia, hakujua vyungu. "Cha udongo sijui kukikagua mimi. Agonge mgonga."

Baba alikuwa anapita, anatoka kazini, nyundo begani. Wakamwita, "Shikamoo baba Tatu! Tugongee hiki!" Baba alikuwa anatazama mbele. Waliita tena, na alipoona mikono yao inapunga ndipo alipokuja. Nikamwinulia kichwa changu cha udongo. Alikigonga kwa ncha ya mpini, polepole sana, akifunga macho. Mimi nilikisikia kinakoroma. Nilikisikia kama ninavyosikia moyo wangu.

Baba akafungua macho. "Kizima," akasema. Akaenda zake.

Mtu mzima angejua hapo kwamba kuna jambo. Mimi nilijua jambo jingine. Nilijua kwamba baba amekiponya. Yeye ndiye mwenye amri juu ya vitu vinavyolia na vinavyokoroma, na akisema kizima, ufa unatii. Niliwatazama wale wavulana kama mtoto wa mfalme.

Wakakiweka relini. Wakatia gunzi lenye moto tumboni. Moshi ukatoka juu, wa kweli, mweupe, na Chiwanga akashika kamba akavuta, kikazunguka mchongoma, kikapanda darajani, na hapo katikati ya daraja kikalia tap! Shingo ikaachia, bomba likaanguka mtaroni, tumbo likafunguka sehemu mbili, moto ukamwagika.

Kisha mmoja akasema, "Si mgonga kasema kizima?" Wakaangua kicheko. "Mgonga wa reli kasema kizima!" Walijiviringisha chini. Chiwanga peke yake hakucheka, alikuwa anatazama upande alikokwenda baba, na uso wake sikuupenda.

Nilikimbia kwa mama na vipande kwenye gauni. Alikuwa anasonga ugali wa uwele.

"Mama, Chiwanga amevuta vibaya kimepasuka! Na baba alikuwa ameshakiponya!"

"Amekiponya vipi?"

"Kilikuwa kinakoroma. Baba akagonga, akasema kizima."

Mwiko ukasimama kwenye sufuria. Ugali unachemka, unarusha, unamchoma mkono, na mwiko umesimama. "Kilikuwa kinakoroma, wewe ulisikia?"

"Ndiyo."

"Na baba yako akagonga mwenyewe? Akasema kizima?"

"Ndiyo mama. Akafunga macho kabisa."

Mama akatoa sufuria motoni, na ugali haujaiva. Hiyo pekee ilinitisha. Akaenda kwenye vyungu vyake akachagua viwili, akaviweka mbele ya baba aliyekuwa ananawa miguu uani, bado jua halijazama.

"Baba Tatu, nigongee hivi. Kesho navipeleka treni."

Baba akamtazama mdomo wakati anaongea. Siku hiyo ndipo nilipoona kwamba alikuwa anatutazama midomo, sote, siku nyingi. Akagonga cha kwanza. Kikalia. Akagonga cha pili. Kikakoroma, mpaka kuku akageuza shingo.

"Vyote vizima," akasema baba.

Mama akachota maji ya mtungini, akajaza kile cha pili, akakiinua juu ya miguu ya baba. Maji yakatoka kwenye ufa, mstari mwembamba, tone, tone, tone, yakaanguka kwenye vidole vyake alivyokuwa ameshavikausha. Baba akayatazama maji. Sote tukayatazama.

"Tangu lini?" mama akauliza, na aliuliza kwa mdomo mpana, polepole.

"Tangu masika." Kisha akasema haraka haraka, kama mtoto, "Lakini nasikia kwa mkono. Nyundo inaniambia mkononi. Miaka yote hii, mkono umeshajua."

"Na chungu hiki, mkono umekuambia nini?"

Baba akautazama mkono wake.

"Baba Tatu, mimi nikiuza chungu kibovu mtu anamwaga mboga. Wewe ndani ya mabehewa kuna watu. Kuna watoto."

"Na nyinyi mtakula nini?" akasema baba. Hakusema kwa hasira. Aliuliza tu, akitazama miguu yake iliyolowa. Mama akakaa chini pale pale kwenye tope, karibu naye, akamwekea mkono kwenye goti. Ugali tulikula mbichi katikati.

Asubuhi baba alivaa koti lake, lile lenye harufu. Nikamfuata kwa nyuma, maana nilikuwa na hofu ambayo sikuijua jina. Treni ilikuja, ikasimama, kichwa kikaanza kunywa maji. Akina mama wakakimbia na kuku. Baba hakushuka chini. Alimwendea msimamizi wake, bwana mmoja mnene mwenye filimbi shingoni, akamkabidhi nyundo kwa mikono miwili, kama unavyompa mtu mtoto mchanga.

"Mzee, treni hiyo, unangoja nini?" msimamizi akamwambia.

Baba alimtazama mdomo. Kisha akasema kwa sauti kubwa mno, maana hakujua tena sauti yake ni kubwa kiasi gani, na watu wote wakageuka, "Nagonga, lakini sisikii. Mpe mwenye masikio."

Msimamizi alisimama na ile nyundo. Hakucheka, Mungu amrehemu. Akamwita kijana mmoja wa kupakia mizigo aliyekuwa ameshafundishwa kidogo, akampa. Yule kijana akashuka, akaanza. Ngiii. Ngiii. Ngiii.

Nami nikangoja treni ikatae. Nilisimama pale nimekunja ngumi, nikisema moyoni, usiitikie, huyu si baba, usiitikie. Magurudumu yakaitikia yote. Kijana akainua mkono. Treni ikapiga honi, ikaondoka kuelekea Itigi na moshi wake, kama siku zote, na baba yangu amesimama kwenye mawe, mkono wa kuume bado umekunjwa kidogo, kama umeshika mpini.

Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyoichukia ile treni. Wenzangu, kuna umri wa kujua kwamba dunia inakwenda bila baba yako, na mimi naona nilikuwa mdogo mno.

Hawakumfukuza. Wakampa kazi ya kufagia stesheni na kumwagilia maua kwenye madebe, na baadaye hata hiyo ikaisha, akawa anachimba udongo wa mama mbugani. Kuhusu Chiwanga, siku ile ile alipokea habari, jioni akaja kota kwetu, akasimama mlangoni, akasema, "Shikamoo baba Tatu," huku amefungua mdomo wake wote ili baba ayaone maneno. Kwenye reli ya mabua hakuna aliyesema tena neno mgonga. Na mimi sikufinyanga tena kichwa cha treni. Nimefinyanga vyungu mpaka vidole vimekataa.

Ndiyo hayo. Nilitaka kuwaambia habari ya harufu tu, na ona nilikofika. Baraka naye alikuwa ameshamaliza kulalamika kwenye simu. Alitandika kipande cha reli mezani, karibu na sinia langu la mlenda, akawasha. Kile kichwa kikaanza kwenda, taa imewaka, magurudumu yanazunguka. Akainama mpaka sikio likagusa meza. Akakunja uso. Akakinyanyua, kikiwa bado kinazunguka, akakileta karibu na shavu langu.

Nilimtazama mdomo.

"Bibi, sikiliza. Kinakwaruza au hakikwaruzi? Wenzangu wanataka niwajibu, kama ni kibovu tukirudishe."

Nilihisi upepo mdogo wa magurudumu kwenye ngozi. Harufu ya mafuta ilikuwepo. Nilifunga macho, nikangoja, nikangoja tena.

"Mpe mwenye masikio," nikasema.

Baraka akacheka, akadhani ni utani wetu wa siku zote. Nikageuka kumtazama binti yangu, ambaye akiwa bado mdogo nilimsimulia habari za babu yake na ile nyundo. Hakuwa anacheka. Ugali ulikuwa unachemka, unamrukia mkono, na mwiko umesimama.